Wastani Haulipi Rejesho

Mama yangu mdogo hununua dagaa wabichi kwenye mwalo wa Igombe, ufukwe wa kushushia samaki hapa Mwanza, huwaanika, kisha huwapeleka soko la Mwaloni, Kirumba, kuwauza. Mwaka juzi alikwenda kukopa. Afisa mikopo alimwomba ataje kilichobaki mkononi mwake katika wiki nne zilizotangulia, baada ya kutoa mtaji, nauli na chakula cha nyumbani. Mama mdogo akataja: shilingi 110,000, 90,000, 10,000 na 70,000. Kijana yule akajumlisha, akapata 280,000, akagawanya kwa nne. "Mama, wastani wako ni elfu sabini kwa wiki," akasema. "Rejesho la elfu sitini unaliweza, na elfu kumi inabaki."

Hesabu ilikuwa sahihi. Hakuna mwalimu wa hisabati ambaye angeitia wino mwekundu. Lakini rejesho la kwanza liliangukia wiki ya mbalamwezi, wiki ambayo mitumbwi ya dagaa hulala ufukweni, na mkononi mama mdogo alikuwa na elfu kumi tu. Elfu hamsini zilizopungua alizitoa kwenye mtaji. Giza liliporudi na wavuvi wakaanza kushusha ndoo zao, hakuwa na fedha ya kununua ndoo 20 alizozoea, alinunua 12. Ndoo 12 zikaleta faida ya ndoo 12, na rejesho likabaki lile lile. Kufikia mwezi wa tatu wa mkopo alikuwa ameuza sufuria zake mbili kubwa pamoja na turubai la kuanikia, na kwa mwanika dagaa turubai ni kama jembe kwa mkulima.

Naandika makala haya kwa sababu ya turubai lile. Kila siku tunasikia wastani: wa kipato, wa mavuno, wa ufaulu, wa mvua. Tunafundishwa kuuhesabu tangu shule ya msingi. Kinachokosekana ni kuuliza unazungumza juu ya nani.

Tuanze na neno lenyewe. Wastani tulilipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya katikati, na midomoni mwetu limebaki na maana hiyo. Tukisema nyumba ya ukubwa wa wastani, tunamaanisha si kubwa si ndogo. Mtu mwenye hali ya wastani si tajiri wala fukara, yuko katikati ya wenzake. Mwalimu anapoliandika ubaoni, neno hilo hilo hupewa kazi nyingine: jumlisha zote, gawanya kwa idadi. Mtoto anatoka darasani akiamini kwamba alichokipata kwa kugawanya ndicho kilichoko katikati. Akifika sekondari lugha ya kufundishia inabadilika, anakabidhiwa maneno matatu ya Kiingereza ambayo yote yanaanza na herufi M, anayakariri kwa ajili ya mtihani, na ni nadra kumpata mwalimu wa kumrudisha kwenye neno lake la kwanza amwonyeshe kwamba lilikuwa limebeba mizigo miwili.

Chukua mtumbwi mmoja wa dagaa. Tuseme kwa siku saba mfululizo ulileta ndoo 8, 11, 9, 0, 10, 7 na 60. Siku ya sifuri upepo ulikuwa mkali, wavuvi wakageuza kabla ya kushusha wavu. Siku ya mwisho taa zao zilivuta kundi kubwa ambalo halijaonekana kwa miezi. Jumla ni ndoo 105. Gawanya kwa 7 unapata 15. Wastani, basi, ni ndoo 15 kwa siku. Sasa rudi kwenye zile namba utafute siku iliyofikisha ndoo 15. Utaikuta moja tu, na hiyo haikuleta 15, ilileta mara nne yake. Siku sita kati ya saba zilikuwa chini ya wastani.

Kama si katikati, namba hii ni kitu gani? Ni mfuto. Muuza dagaa anaijua tofauti ya sado, chombo chake cha kupimia, yenye kilele na sado ya mfuto, ile iliyopitishwa kijiti juu ikawa sawa na mdomo wa chombo. Kutafuta wastani ni kukata kilele cha siku ya ndoo 60 na kukisukumia kwenye mabonde ya siku nyingine hadi zote zilingane. Siku ile ilizidi 15 kwa ndoo 45. Siku nyingine zilipungukiwa ndoo 7, 4, 6, 15, 5 na 8. Jumlisha mapengo hayo: 45 kamili. Hiyo ndiyo njia bora ninayoijua ya kuhakiki wastani wowote, kwa sababu kilichozidi juu yake lazima kilingane na kilichopungua chini yake. Kisipolingana, umekosea kujumlisha au kugawanya.

Ziwa letu hupimwa kwa mfuto huo huo. Tunaposoma kwamba kina cha wastani cha Ziwa Victoria ni mita 40 hivi, tusidhani kuna mtu aliyeshusha kamba katikati ya ziwa akakuta 40. Ni maji yote, takriban kilomita za ujazo 2,750, yaliyogawanywa kwa eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Mita 40 ni kina ambacho ziwa lingekuwa nacho kama sakafu yake ingekuwa tambarare kama meza. Sakafu yenyewe inapanda hadi kwenye mawe ya Capri Point, na sehemu za ndani inashuka hadi mita 80 hivi.

Kwa hiyo wastani wa kugawanya unajibu swali hili: kama tungegawana sawa, kila mmoja angepata kiasi gani? Ni swali zuri na lina mahali pake. Swali la "mtu wa kawaida hupata nini?" ni jingine kabisa, na lina hesabu yake, ambayo haihitaji hata kujumlisha. Zipange namba kama wanafunzi mstarini asubuhi, mfupi mbele, mrefu nyuma: 0, 7, 8, 9, 10, 11, 60. Aliyesimama katikati, mwenye watatu mbele na watatu nyuma, ni 9. Vitabu huiita mediani; mimi naiita namba ya katikati kwa sababu ndivyo ilivyo. Badilisha ile 60 iwe 600: wastani unaruka hadi ndoo 92 hivi, na namba ya katikati haitikisiki, ni 9 vile vile. Mvuvi ukimuuliza wanapata ngapi akakujibu, "Ah, kwa kawaida ni tisa, kumi hivi," amekupa namba ya katikati bila kalamu wala karatasi, na jibu lake ni la kweli kuliko lile la 15 ambalo karatasi ingetoa.

Ipo pia ya tatu, modi, namba inayojirudia kuliko nyingine. Muuza viatu vya mtumba pale Mlango Mmoja huitumia kila anapofungua balo. Hatafuti saizi ya wastani, anatafuta ile inayoulizwa na wateja wengi.

Sasa niseme juu ya sifuri, maana hapa ndipo daftari nyingi za mialoni zinapoharibika. Siku ambayo hakuna samaki, mtu haandiki kitu. Anaona hakuna cha kuandika. Mwisho wa juma anajumlisha, anahesabu mistari iliyojazwa, anakuta sita, anagawanya 105 kwa 6 na kupata 17.5. Wastani umepanda kwa ndoo mbili na nusu kwa sababu tu ya mstari ulioachwa wazi. Lakini usiku ule watu walitoka, mafuta yaliungua, na asubuhi watoto waliamka wakitaka uji kama siku zote. Usiku wa sifuri nao ni usiku, na usipoandikwa unaigeuza hesabu yote kuwa hadithi ya siku njema peke yake.

Hilo la mstari mmoja ni dogo. Kubwa ni kuamua unagawanya kwa nini. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa gizani. Taa huwavuta kwa sababu ndiyo mwanga pekee juu ya maji. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, dagaa hawakusanyiki, na ndiyo maana wavuvi hupumzika. Tuseme mtumbwi umetoka siku 20 katika mwezi wa siku 30, na kwa siku hizo 20 wastani wake ni ndoo 15. Jumla ni ndoo 300. Mtu mmoja anaandika: wastani wa ndoo 15 kwa siku. Mwingine anagawanya 300 kwa 30, anaandika: wastani wa ndoo 10 kwa siku. Wote wawili wamesema kweli. Wa kwanza amehesabu siku za kazi na wa pili amehesabu siku za kula. Kodi ya chumba Kitangiri haikomi kwa sababu ya mbalamwezi, wala unga haushuki bei, kwa hiyo anayetaka kujua familia ya mvuvi inaishije hana budi kugawanya kwa 30. Anayetaka kujua kama wavu mpya unafanya kazi vizuri kuliko wa zamani, huyo agawanye kwa 20. Namba iliyo chini ya mstari wa kugawanya ndiyo inayoamua tunajibu swali gani, na katika taarifa nyingi ndiyo isiyotajwa.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichukua muda kuliona, na naliona ndilo kiini cha yote. Turudi kwenye mtumbwi wa ndoo 8, 11, 9, 0, 10, 7 na 60. Mfikirie tajiri mwenye mitumbwi kumi kama huo na fedha benki. Kwake siku ya ndoo 60 si ajabu: leo inaupata mtumbwi huu, keshokutwa ule, na siku ya sifuri ya mtumbwi mmoja inazibwa na mingine tisa. Tajiri huyo kweli anaishi kwenye ndoo 15, au karibu nazo. Lakini kibarua aliye kwenye mtumbwi mmoja, anayelala na njaa siku mbili tatu zikiwa mbaya, anaishi kwenye ndoo 9. Wanavua ziwa moja, kwa wavu wa aina moja, na wastani wao ulioandikwa ni mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja ana uwezo wa kungoja mpaka mafungu yote yakutane, na mwingine hana. Wastani wa kugawanya ni mali ya mwenye uwezo wa kungoja jumla.

Hata ndani ya mtumbwi mmoja ni hivyo. Mapatano ya kugawana mapato hutofautiana kutoka kambi hadi kambi. Tuseme hapa baada ya gharama zimebaki shilingi 600,000, nusu ni ya mwenye mtumbwi na nyavu, na nusu ya pili inagawanywa kwa wavuvi wanne. Mwenye mtumbwi amepata 300,000, kila mvuvi 75,000. Watu watano, jumla 600,000, wastani 120,000. Namba ya katikati ni 75,000 na inayojirudia zaidi ni hiyo hiyo 75,000. Ripoti ikiandikwa kwamba "kipato cha wastani ni shilingi 120,000", haijasema uongo, ila hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyewahi kuishika laki na ishirini hiyo. Mmoja ameizidi mbali sana, wanne hawajaifikia. Na ukitaka kupanga kodi, ada au michango ya mwalo kwa kuitazama namba hiyo, utawaumiza wanne na kumpunguzia mzigo mmoja.

Sasa tuirudie karatasi ya afisa mikopo. Msomaji anaweza kudhani kosa lake lilikuwa kutumia wastani mahali pa namba ya katikati. Hebu tujaribu. Panga namba za mama mdogo: 10,000, 70,000, 90,000, 110,000. Ziko nne, hakuna iliyo katikati peke yake, kwa hiyo tunachukua mbili za kati, 70,000 na 90,000, tunazijumlisha na kugawanya kwa mbili. Tunapata 80,000. Yaani namba ya katikati ingemwonyesha kuwa na uwezo mkubwa zaidi, angepangiwa rejesho zito zaidi, na angezama mapema zaidi. Wale wanaofundisha kwamba mediani ni dawa ya kila ugonjwa wa wastani wanapaswa kuutazama mfano huu kwa makini.

Kilichohitajika pale ni kutazama jinsi namba zilivyotawanyika. Ya chini 10,000, ya juu 110,000, umbali wa laki moja kati yake. Rejesho hulipwa kila wiki, kwa hiyo kila wiki ilipaswa kuhojiwa peke yake, na hasa ile dhaifu kuliko zote. Na kuna suala la mpangilio. Kama rejesho la kwanza lingeangukia wiki ya 110,000, angebakiwa na 50,000. Wiki ya 90,000 ingemwongezea 30,000. Akiba hiyo ya 80,000 ingeliziba pengo la 50,000 la wiki ya mbalamwezi, na baada ya wiki ya 70,000 angemaliza mwezi akiwa na 40,000 mkononi. Namba zile zile nne, wastani ule ule, na turubai lingekuwa bado nyumbani. Kujumlisha hakujali nani ametangulia. Mwenye mtaji mdogo anajali sana, kwa sababu wiki mbaya ikitangulia inaula mtaji, na mtaji ukishaliwa wiki njema zinazofuata hazirudi kuwa njema kama zamani. Zile 70,000 zilikuwa wastani wa mwanamke anayenunua ndoo 20. Aliyebaki na uwezo wa ndoo 12 ni mtu mwingine, na hakuna aliyemhesabia wastani wake.

Mwezi si kitu cha kubahatisha. Kalenda yake inajulikana miaka mingi mbele. Rejesho la shilingi 240,000 kwa wiki nne lingeweza kugawanywa hivi: 100,000, 80,000, hakuna, 60,000. Jumla ni ile ile, mkopeshaji hapotezi hata senti moja, na kila wiki mama mdogo anabaki na elfu kumi, ile elfu kumi aliyoahidiwa. Upepo na mvua havina kalenda, hilo nalijua, na hakuna mwezi unaofanana na mwenzake. Lakini kukataa hata kuitazama mbalamwezi, hapa Mwanza, kwa mkopo wa dagaa, ni uzembe ambao siwezi kuupa jina laini.

Nisieleweke kwamba nauchukia wastani. Kuna mahali ambapo mfanyabiashara anapata hasara kwa kutoujua vizuri. Tuseme mama amenunua sado 10 za dagaa wakavu kwa shilingi 4,000 kila moja, kisha bidhaa ikaadimika akaongeza sado 2 kwa shilingi 7,000. Anachanganya bei mbili, 4,000 na 7,000, anagawanya kwa mbili, anapata 5,500. Mteja anakuja na 5,000, mama anakataa, anaona atapata hasara. Lakini sado za bei nafuu ni 10 na za bei ghali ni 2, hazina uzito mmoja. Sado 10 zilimgharimu 40,000, sado 2 zilimgharimu 14,000, jumla 54,000 kwa sado 12. Kila sado imemsimamia 4,500. Yule mteja aliyefukuzwa alikuwa ameleta faida ya shilingi 500. Kanuni yake ni nyepesi: usichukue wastani wa bei, chukua fedha zote ulizotoa, gawanya kwa mzigo wote uliopata.

Kosa hilo hilo huingia shuleni. Tuseme mkondo wa kwanza una wanafunzi 80 na wastani wa alama 40, mkondo wa pili una wanafunzi 20 na wastani wa 70. Ukijumlisha 40 na 70 na kugawanya kwa mbili, shule ina wastani wa 55, na mkutano wa wazazi unapiga makofi. Hesabu ya kweli ni 80 mara 40, yaani 3,200, ongeza 20 mara 70, yaani 1,400, jumla 4,600, gawanya kwa wanafunzi 100: alama 46. Alama tisa zimetoka hewani kwa kuwapa wanafunzi 20 sauti sawa na wanafunzi 80. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora. Wengi walilalamika, mimi naunga mkono, na sababu yangu moja ni ya kihisabati. Shule yenye watahiniwa wachache, mtoto mmoja au wawili wenye vipaji wanaweza kuipandisha juu sana, na mmoja au wawili waliougua wiki ya mtihani wanaweza kuiangusha. Shule kubwa ya kata yenye mamia haiyumbi hivyo. Juu kabisa na chini kabisa ya orodha kama ile utazikuta shule ndogo nyingi, na sehemu ya sababu ni uchache wa watahiniwa tu.

Na wapo wanaouhitaji wastani wa kugawanya kama ulivyo. Sensa ya 2022 ilionyesha kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Hakuna kaya yenye watu 4.3, lakini anayepanga visima au chakula cha nchi nzima anaizidisha namba hiyo kwa idadi ya kaya na kuipata jumla ya walaji. Huo ndio uzuri wake: wastani ni jumla iliyokunjwa, ukiuzidisha kwa idadi unakunjuka. Anayeshughulika na jumla anasaidiwa nao. Anayeshughulika na mtu mmoja mmoja hasaidiwi sana, na sheria ya uvuvi inalijua hilo vizuri. Sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Mvuvi mwenye sangara watatu, mmoja wa sentimita 80 na wawili wa sentimita 35, hawezi kujitetea kwamba wastani wa samaki wake ni 50, ingawa ni kweli: jumla ni 150, gawanya kwa 3. Rula hulazwa juu ya kila samaki. Najiuliza kwa nini tumeweza kumpima samaki mmoja mmoja, lakini tukija kwa mama anayeomba mkopo tunampima kwa fungu.

Mama mdogo alitafuta turubai jingine baada ya miezi minane, kwa fedha za mchezo wa kina mama wenzake wa mwaloni. Hajakopa tena. Nilimnunulia daftari la kurasa 96, nikamchorea safu, nikamwomba aandike kila siku. Mwanzoni siku za mbalamwezi aliziruka, na sikumlaumu, nilimweleza tu habari ya sifuri kama nilivyoieleza hapa.

Jumapili iliyopita nilikwenda Igombe. Baada ya shikamoo na chai alinipa daftari nimfanyie hesabu za mwezi. Siku za mbalamwezi kila moja ilikuwa na sifuri. Siku mbili za mvua, ambazo dagaa walioza mchangani kabla ya kukauka, alikuwa ameziandika kwa alama ya kutoa mbele yake, kitu ambacho sikumfundisha. Nikajumlisha. Kisha nikaanza kuhesabu kwa kidole siku zilizokuwa na mauzo, nijue nigawanye kwa ngapi.

"Hapana, mwanangu," akasema, akinisogezea kikombe pembeni ili aone ukurasa vizuri. "Gawanya kwa thelathini. Halafu nioneshe na ile wiki mbaya, peke yake."